Lenzi mpya ni bapa kuliko za zamani: je, nimepunjwa namba?

SWALI: Habari daktari. Mimi ni mwalimu hapa Kisumu, navaa miwani ya -3.00 macho yote mawili. Mwezi uliopita nilibadilisha fremu, nikapimwa tena, namba ikabaki ileile. Lakini lenzi mpya hazijabinuka kama za zamani, na nikishuka ngazi naona sakafu kama inasogea. Jirani ananiambia lenzi iliyobinuka zaidi ndiyo yenye nguvu. Nimepewa namba ndogo?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Jirani yako ameangalia uso mmoja, na lenzi ina nyuso mbili. Uso wa mbele uliobinuka unaongeza nguvu, wa nyuma uliobonyea unaipunguza. Namba yako ni jumla ya hizo mbili. Lenzi zako za zamani huenda zilikuwa +6 mbele na -9 nyuma, na mpya +4 na -7. Zote ni -3.

Nguvu ya uso mmoja inapatikana hivi: chukua kipimo cha jinsi plastiki inavyopinda mwanga, ambacho kwa ile ya kawaida ni 1.5, toa 1, halafu gawanya kwa nusukipenyo cha mviringo wake katika mita. Uso wa +4 una nusukipenyo cha milimita 125, yaani kama umekatwa kwenye ngozi ya mpira wa basketiboli. Wa +6 ni milimita 83, mpira mdogo kuliko wa kandanda. Unene nao una neno lake, ila kwa lenzi yako yenye milimita 2 katikati, ule uso wa +6 unaongeza kama 0.05 tu, na sisi tunaandika namba kwa hatua za 0.25. Kwa wenye namba kubwa za kujumlisha, ambao lenzi zao ni nene katikati, hapo lazima hesabu ifanywe vizuri.

Tazama miwani ya jua ya waendesha boda boda pale Kondele: imebinuka kama bakuli, na haina namba.

Jambo linaloweza kukupunja kweli ni plastiki yenyewe. Mviringo uleule wa -3 ukichongwa kwenye polikaboneti, ambayo kipimo chake ni 1.586, unatoa -3.5. Ndiyo maana sikubali mtu apime kwa saa ya lenzi peke yake, kile kifaa chenye sindano tatu kinachokandamizwa kwenye uso. Nyingi zimepimiwa 1.53, kwa hiyo lenzi yako ya -3 itasoma karibu -3.2, na fundi mgeni anashtuka bure. Neno la mwisho ni la lensomita, mashine inayosoma namba ya lenzi nzima.

Basi sakafu inasogea kwa nini? Kubadilisha mviringo hakugusi namba ya katikati, lakini kunabadilisha picha ya pembeni. Mwanasayansi Mwingereza Wollaston alilisemea hili mjini London mwaka 1804, alipopendekeza lenzi zilizopinda kulifuata jicho badala ya zile bapa za wakati wake. Ukishuka ngazi unatazama kupitia sehemu ya chini ya lenzi, na ubongo wako umezoea mpindo wa zamani. Wengi huzoea ndani ya wiki moja au mbili.

Ukitaka kujipima, shika miwani mbali na uso, funga jicho moja, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi, kisha sogeza miwani kulia polepole. Ukingo utaifuata miwani, kwa sababu namba yako ni ya kutoa. Fanya hivyo kwa miwani zote mbili. Mwendo ukitofautiana waziwazi, zirudishe zote dukani zipimwe kwa lensomita, na umwambie fundi aangalie pia kama vitovu vya lenzi vinalingana na mboni zako. Kwa uzoefu wangu kosa hujificha hapo mara nyingi kuliko kwenye mviringo. Yote yakiwa sawa na wiki mbili zikapita bila nafuu, omba lenzi zenye mviringo wa zamani. Ni haki yako kuomba, ila uliza kwanza kama fremu mpya itazikubali.