Barua kwa mwanangu: Nani ameomba?

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umesema mlibishana na wenzako kazini: mmoja anashikilia kwamba serikali yenye sheria nzuri ina wajibu wa kuwalazimisha wengine waache mila zinazoumiza watu, mwingine anataka kila jamii iachiwe mambo yake. Ukaniuliza mimi niko upande gani. Sipendi serikali yoyote ishike fimbo kuwafundisha maadili watu wa utamaduni mwingine. Ila kunyamaza nako sikubaliani nako.

Soma habari za Kanada. Mwaka 1885 ilianza kutumika sheria ya kupiga marufuku potlachi, sherehe kubwa ya wenyeji wa pwani ya Pasifiki. Humo watu walipewa majina na vyeo, wafu walikumbukwa, na mwenye shughuli aligawa mali yake kwa waalikwa mbele ya mashahidi. Kadiri ulivyotoa ndivyo ulivyoheshimiwa. Watawala wakaona huo ni ubadhirifu unaowazuia watu kustaarabika. Desemba 1921, Wakwakwaka'wakw, mojawapo ya jamii hizo za pwani, walipofanya potlachi kubwa, walishtakiwa kwa kucheza ngoma, kuhutubia na kugawa zawadi. Waliokubali kusalimisha vinyago na mali za urithi waliachiwa. Wengine wakafungwa jela. Vinyago vikaishia kwenye makumbusho za mbali. Marufuku iliondolewa 1951, na mwishoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya vinyago vikaanza kurudi kwa wenyewe. Mtu afungwe kwa kugawa zawadi! Na waliotunga sheria ile waliamini kabisa kwamba wanatenda wema. Ndiyo maana kiongozi akisema ana uhakika na maadili yake, huo uhakika haunitoshi.

Utanijibu kwamba ziko mila zinazoumiza kweli. Ziko. Ukeketaji unaumiza, na sitaupamba kwa jina la utamaduni. Lakini angalia yaliyotokea Meru, Kenya, mwaka 1956. Baraza la wazee la Njuri Ncheke, likihimizwa na maofisa wa kikoloni, liliupiga marufuku. Wasichana wakanunua nyembe madukani, wakakeketana wenyewe kwa wenyewe. Ulikuwa wakati wa vita vya Mau Mau, na amri yenye mkono wa mtawala ndani yake haikuweza kusikika kama huruma. Wasichana hao ndio waliokusudiwa kulindwa, na hakuna aliyewauliza.

Hata hivyo mwenzako wa pili simuungi mkono. Anaposema "waachiwe utamaduni wao", anawafanya wote kuwa na mdomo mmoja. Mara nyingi anayejitokeza kuusemea utamaduni ni yule unayemnufaisha, na binti anayelia chumbani ni mwenyeji kama yeye. Uchina, amri ya kifalme ya miaka ya 1660 dhidi ya kuwafunga wasichana miguu kwa vitambaa ili ibaki midogo ilishindwa, ikafutwa. Karne mbili baadaye zikaja jumuiya za familia zilizoapa mambo mawili: hatutawafunga binti zetu miguu, na wana wetu hawataoa waliofungwa. Kiapo cha pili ndicho kilichogusa mzizi, maana mama peke yake hakuthubutu kuacha, akihofia bintiye akose mume. Wamisionari na wageni wengine walisaidia, lakini walikuwapo pia Wachina wenyewe waliolitaka jambo hilo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa: nani ameomba? Serikali ya makaburu Afrika Kusini ilidai kwamba ubaguzi wa rangi ni mambo yake ya ndani. Lakini Albert Luthuli, kiongozi wa chama cha ANC kilichopinga ubaguzi huo, na wenzake waliuomba ulimwengu ususie bidhaa za nchi yao, wakijua kabisa kwamba maumivu yangewafikia wao pia. Mwaka 1977 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka marufuku ya lazima ya kuiuzia silaha nchi hiyo. Hapo dunia ilikuwa imeitwa, tena na wanaoumia. Na kukataa kumuuzia mtu bunduki si kumlazimisha maadili yako. Ni kukataa kushiriki dhambi yake. Serikali nyingi hupenda kuhubiri huku zikiendelea kuuza, na hilo hunikera kuliko mahubiri yenyewe.

Ipo njia nyingine ambayo mabishano yenu naona hayakuigusa: mlango. Mwaka 1996 bodi ya rufaa za uhamiaji ya Marekani ilimpa hifadhi msichana wa Togo aliyekimbia kukeketwa, baada ya yeye kuwekwa kizuizini huko zaidi ya mwaka. Marekani haikuhitaji kuiamuru Togo lolote ili kumlinda. Ilihitaji kumfungulia, na ingeweza kufanya hivyo mapema zaidi. Mwulize mwenzako wa kwanza, anayetaka kuwaokoa watu kwa nguvu huko waliko, kama yuko tayari kuwapokea wakibisha hodi kwake. Kisha uniandikie alivyojibu.

Mama yako