Mombasa kwa miguu: kuanzia Fort Jesus hadi Mama Ngina

Mji wa Kale wa Mombasa unazungukika wote kwa miguu kwa siku moja, ila wageni wengi hukosea saa. Hufika Fort Jesus jua likiwa utosini, wakakuta juu ya kuta hakuna hata kivuli cha kujikinga, na baada ya dakika 20 wanatoka wakisema ni mawe tu. Nenda saa mbili asubuhi, mlango unapofunguliwa, na ujipe saa 2 nzima. Beba kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni, na uweke pesa kwenye simu usije ukakwama mlangoni.

Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Utaambiwa umbo lake ni la mtu aliyelala chali. Ni kweli, lakini hilo unaliona kwenye picha ya angani. Ukiwa pale, panda buruji mojawapo ya upande wa nchi kavu, yaani pembe ya ngome iliyotokeza nje, kisha itazame ya pili. Unauona ukuta wake hadi chini kabisa, na aliye kule anauona wako vivyo hivyo. Adui akisogea hapati pembe ya kujibanza. Ndiyo maana Waomani walipoizingira mwaka 1696, iliwachukua miezi 33 kuingia, na kufikia hapo njaa na maradhi vilikuwa vimeshawamaliza walinzi, wakiwemo Waswahili waliokimbilia ndani.

Usitoke bila kuona michoro ya ukutani ya askari wa Kireno: merikebu, samaki na watu. Ndani ya jumba la makumbusho tafuta vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, jahazi la kivita lililozama mwaka 1697 chini ya kuta hizo hizo. Kisha teremka ile njia iliyochongwa ndani ya mwamba kuelekea baharini. Angalia mguu tu: matumbawe yaliyokanyagwa karne nne yamekuwa laini, na mvua za Aprili na Mei huyafanya yateleze. Viatu vya kushika chini, si ndara.

Nje utakutana na watu wanaojitolea kukutembeza. Mwongozaji mzuri ana faida kubwa, kwa hiyo omba kuona kibali chake na mpatane bei yote kabla ya hatua ya kwanza. Usikubali "utanipa unachotaka", maana mzozo huja mwishoni.

Kutoka hapo ingia Ndia Kuu. Si kosa la tahajia: kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, njia ni ndia. Tazama milango ya nakshi na roshani za mbao zilizotokeza juu ya barabara, halafu upite Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, wenye mnara mweupe unaopungua kuelekea juu. Watu bado wanaswali humo, kwa hiyo funika mabega na magoti, na ubishe hodi kwa maneno kabla ya kutoa kamera. Hizi ni nyumba za watu. Bandari ya kale na kivuko cha Likoni usipige picha kabisa, walinzi watakusimamisha. Ijumaa, kati ya saa sita na nusu na saa nane, maduka mengi hufungwa kwa swala.

Kwa hiyo Biashara Street, mtaa wa leso, ipangie saa nyingine. Leso huuzwa pea, vipande viwili havijakatwa. Ikunjue yote dukani: angalia kama chapa imekaa sawa vipande vyote viwili na kama pindo halikupinda. Ya pamba hunyonya jasho na maji, ya nailoni huteleza mwilini. Na usome jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake! Kuna maandishi ya mapenzi, ya dua na ya mafumbo makali, na aliyempelekea mama mkwe leso ya mafumbo hawezi kumwambia hakusoma. Mafundi wa kukata na kupinda wako karibu, kazi ni ya dakika chache.

Pembe za Moi Avenue zipitie kwa tuktuk tu. Ni za bati la alumini, si za ndovu, na zikivuka barabara huonekana kama herufi M.

Mama Ngina, bustani ya ufukweni, iache hadi saa kumi. Ufuo unatazama kusini mashariki, jua limepungua makali na upepo unakuwa usoni. Agiza mihogo ya kuchoma, ikatwe mbele yako, ipakwe ndimu na pilipili ikiwa bado moto, ikipoa hukakamaa. Kwenye madafu, mwambie muuzaji mapema kama unataka la maji au la nyama. Akikupa koroma utalijua: nyama imekuwa ngumu na maji hayana utamu, lirudishe. Kaa chini ya mibuyu upande wa mlango wa bandari ya Kilindini. Mkondo ni mwembamba, na meli ya makontena ikiingia hupita karibu hata unasikia injini yake.