Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Věra Hakuifuta Saini Yake

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unaniuliza kwa nini Věra Čáslavská, bingwa wa jimnastiki wa Chekoslovakia, hakuifuta saini yake akaendelea na kazi yake kwa amani, ilhali ilikuwa karatasi tu.

Karatasi hiyo ilikuwa tamko la kudai mageuzi, lililotolewa Juni 1968. Majeshi yaliyoongozwa na Umoja wa Kisovieti yalipoivamia nchi Agosti, Věra alijificha milimani, na Olimpiki ya Mexico City ilikuwa imekaribia. Kwa kuwa huko hakukuwa na vifaa, alibembea kwenye matawi ya miti, akabeba magunia ya viazi na kupakua makaa ya mawe kwa koleo ili viganja vyake visipoteze sugu. Hapo kwenye sugu ndipo ninapomwona vizuri zaidi, kwa sababu kiganja laini kikizunguka kwenye upau wa jimnastiki huchunika.

Mexico City alipata dhahabu nne na fedha mbili. Ukijumlisha na dhahabu tatu za Tokyo mwaka 1964, zinakuwa saba, zote za mchezaji mmoja mmoja. Wimbo wa taifa wa Wasovieti ulipopigwa wakati wa kutunukiwa medali, aliinamisha kichwa na kukigeuzia kando. Wasimulizi wengi huishia hapo. Mimi naona hilo ndilo lililokuwa jepesi, maana medali zilikuwa shingoni na dunia ilikuwa ikimtazama.

Uzito ulianza aliporudi. Alizuiwa kufundisha, akafikia kufanya usafi katika nyumba za watu, na kila alipoomba kazi aliyoijua, sharti lilikuwa lilelile: akane saini. Hebu fikiri, mwanangu, angeikana, kile kichwa alichokigeuza kingebaki kuwa nini, kama si utovu wa adabu wa msichana aliyekasirika kwa kukosa dhahabu? Ndiyo maana sikubaliani nawe kwamba ilikuwa karatasi tu.

Miaka ilipopita alilegezewa kidogo, akafundisha, hata akaenda kufanya kazi hiyo Mexico. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1989, Rais Havel alimfanya mshauri wake, kisha akaiongoza kamati ya Olimpiki ya nchi yake. Lakini usidhani kwamba mambo yalimnyookea moja kwa moja. Mwaka 1993 aliyekuwa mume wake alifariki katika mkasa mzito wa kifamilia, na yeye akaugua sonona, akajitenga na watu kwa miaka mingi kabla ya kuonekana tena hadharani. Alifariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 74.

Umeuliza pia kama watawala walimnyang'anya medali zake. Zile dhahabu nne za Mexico City hawakuzikuta: alipofika nyumbani aliwagawia viongozi wanne wa nchi yake, Dubček, aliyeongoza mageuzi yale ya 1968, akiwa mmoja wao.

Akupendaye,
Mama yako