Maswali na majibu: Afisa wa akiba na meli ya Ghuba ya Manza

Wiki hii maswali yanamhusu Carl Christiansen, afisa wa akiba wa jeshi la majini la Ujerumani, aliyeileta meli Rubens hadi Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nchi hii ilipokuwa koloni la Wajerumani.

Kwa nini alitumwa mtu wa akiba, si afisa wa kudumu?

Kazi yenyewe ilitaka nahodha wa meli ya mizigo, na maafisa wa akiba walitoka kwenye meli za biashara. Rubens ilikuwa ya Waingereza, ikakamatwa Hamburg vita vilipoanza. Ilibandikwa jina Kronborg na kupandishwa bendera ya Denmark, na mabaharia wake walichaguliwa kwa kujua Kidenmark. Juu ya sitaha zilipangwa mbao, shehena isiyomshtua mtu katika bahari za kaskazini. Chini kulikuwa na takriban tani 1,600 za makaa ya mawe ya Königsberg, meli ya kivita ya Ujerumani iliyokuwa imejificha delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na risasi. Ilipita kaskazini ya Uskoti, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Waingereza walijuaje?

Walinasa mawasiliano ya redio. Meli yao ya kivita Hyacinth ilikuwa ikiisubiri, ila injini yake moja iliharibika katikati ya mbio, na Rubens ikawahi kuingia ghubani.

Nimesoma kwamba iliteketea. Silaha zilipatikanaje?

Hapa ndipo ustadi wa Christiansen unapoonekana. Aliipweleza meli kwenye maji mafupi, akafungulia valvu ili maji ya bahari yajae ngamani, kisha akaamuru mbao za sitahani ziwashwe moto. Kilichoungua ni cha juu. Shehena ya chini ilikuwa imeshafunikwa na maji. Kama angeizamisha kwenye kina kirefu, wazamiaji wasingeifikia. Kama asingeijaza maji, moto ungeshuka hadi kwenye risasi. Hyacinth iliipiga mizinga, ikaona moshi na moto, ikaondoka ikiamini kazi imekwisha. Baadaye Wajerumani walizamia na kutoa sehemu kubwa ya silaha.

Risasi zilizokaa kwenye maji ya chumvi zinafaa kweli?

Si zilivyo. Chumvi hula fataki, yaani kiwashio kilicho kwenye kitako cha risasi, na unyevu huharibu baruti, hivyo risasi hugoma bunduki inapofyatuliwa. Ilibidi zifumuliwe moja moja: baruti ianikwe, maganda yasafishwe, fataki mbovu zibadilishwe, kisha zifungwe upya. Hata hivyo nyingine ziligoma. Lakini thamani yake ilikuwa kubwa, kwa sababu askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, ambazo moshi wake mzito ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipojificha. Bunduki za Rubens zilikuwa za kisasa, zisizotoa moshi huo.

Na makaa?

Hayakuifikia Königsberg. Ilipigwa na kuzama Rufiji tarehe 11 Julai 1915.

Kuna meli nyingine iliyofaulu?

Ndiyo, Marie. Iliingia Ghuba ya Sudi, kusini mwa Lindi, Machi 1916, ikashusha shehena yake, kisha ikaponyoka tena baharini. Kutoka Sudi mzigo huo ulisafirishwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi.