Kwa Nini Majina Marefu Yanarudi Tupu? Swali Kuhusu Data Iliyosimbwa Fiche

SWALI: Assalaam aleikum, bwana mtaalamu. Ninatunza mfumo wa kuandikisha wageni wa nyumba tatu za kulala wageni hapa Lamu, mbili ziko Mkomani na moja iko Shela. Majina kamili ya wageni na nambari zao za pasipoti tunayahifadhi katika hifadhidata ya MySQL yakiwa yamesimbwa fiche, yaani yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, kwa kanuni ya AES-256-CBC, na programu yenyewe nimeiandika kwa PHP. Mwezi uliopita nilihamia seva mpya, nikaunda majedwali upya kwa mkono, kisha nikahamisha data. Tangu hapo nambari za pasipoti zinafunguka vizuri, lakini baadhi ya majina yanarudi tupu, hasa ya wageni wetu wa hapa pwani, ilhali ya wageni wa kutoka Ulaya karibu yote yako sawa. Ufunguo sikuubadilisha, umo katika faili ya mipangilio pamoja na programu. Je, AES imeshindwa, nitafute kanuni yenye nguvu zaidi? Na manenosiri ya wafanyakazi niyasimbe kwa njia hiyohiyo? Nimeambatisha msimbo, maelezo ya majedwali na mipangilio ya seva.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. AES haijashindwa. Kanuni hiyo, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, ilipitishwa kuwa kiwango rasmi cha serikali ya Marekani mnamo Novemba 2001, mwaka uleule ambao Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, na hadi leo hakuna aliyeonyesha njia ya kuivunja inayoweza kutumika kwa vitendo pale inapotumiwa inavyotakiwa. Kilichokupata umekitaja mwenyewe bila kujua, uliposema kwamba majina yanayopotea ni ya watu wa pwani. Mgeni wa kutoka Ulaya mara nyingi huandika majina mawili na kuondoka. Mtu wa kwetu huandika jina lake, la baba, la babu na la ukoo, na pengine akatia "bin" au "binti" katikati, kwa hiyo huvuka herufi 31 kwa urahisi. Mfumo wako, kama ulivyo sasa, una mpaka wa herufi 31.

Hesabu yake ni hii. AES hufanya kazi kwa vipande vya baiti 16. Katika hali ya CBC maandishi hujazwa mpaka yatimize kipande, na hata yakiwa yametimia yenyewe huongezewa kipande kizima cha kujazia. Msimbo wako hutanguliza baiti 16 za kubahatisha, zile ziitwazo IV, kisha hugeuza fungu zima kuwa base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida, ambayo hutoa herufi 4 kwa kila baiti 3. Nambari ya pasipoti yenye herufi 9 huwa kipande kimoja. Pamoja na IV ni baiti 32, nazo katika base64 ni herufi 44. Jina la herufi 16 hadi 31 huwa vipande viwili, yaani baiti 48 pamoja na IV, na hizo ni herufi 64 kamili. Jina la herufi 32 hadi 47 hufika baiti 64, ambazo ni herufi 88. Sasa itazame safuwima ya majina uliyoiunda kwenye seva mpya: umeiandika VARCHAR(64), yaani isiyopokea zaidi ya herufi 64, ilhali kwenye seva ya zamani ilikuwa TEXT, yenye nafasi kubwa zaidi. Kila jina la herufi 32 na zaidi lilikatwa mkia lilipokuwa likiingia.

Utauliza kwa nini hukuona kosa lolote. MySQL, ikiwa katika hali yake ya ukali ambayo tangu toleo la 5.7 huwa imewashwa tangu mwanzo, ingekataa kuingiza maandishi yanayozidi nafasi yake. Lakini katika mipangilio uliyonitumia hali hiyo umeizima, nadhani kwa kutaka kazi ya kuhamisha ipite bila kelele, na ikizimwa hifadhidata hukata maandishi na kuacha onyo ambalo hakuna anayelisoma. Kisha openssl_decrypt, amri ya PHP ya kufungua maandishi fiche, ikikuta kipande cha mwisho hakina ujazo inaoutarajia, hurudisha false, na PHP ikiandika false kwenye ukurasa haiandiki kitu. Hapo ndipo panapotoka utupu unaouona.

Kama seva ya zamani bado ipo, usiifute. Kwenye seva mpya irudishe hali ya ukali, ipanue safuwima iwe TEXT, halafu hamisha majina upya kutoka kule. Kama imeshafutwa, bado kuna la kuokoa. Herufi 64 zilizobaki zikigeuzwa kutoka base64 hutoa baiti 48 kamili, yaani IV na vipande viwili visivyoguswa, kwa hiyo ukiita openssl_decrypt kwa OPENSSL_RAW_DATA pamoja na OPENSSL_ZERO_PADDING, haitadai ujazo, nawe utapata herufi 32 za mwanzo za kila jina. Mkia uliokatika itabidi uutafute katika daftari la mapokezi. Na kwa kuwa tumeitaja base64: ina alama ya kujumlisha, ambayo ikipitishwa katika anwani ya ukurasa bila kuandaliwa husomwa upande wa pili kama nafasi tupu. Mimi hapa Malindi niliwahi kupoteza alasiri nzima kwa alama hiyo moja, nikiushuku ufunguo.

Ufunguo wako, kusema kweli, unanitia wasiwasi kuliko majina hayo. Kwanza, una herufi 10, nazo ni jina la nyumba na mwaka. AES-256 inahitaji ufunguo wa baiti 32, na PHP ikipewa ufunguo mfupi haikulalamikii, bali huujaza kwa sufuri kimyakimya hadi utimie. Kwa hiyo baiti 22 za ufunguo wako ni sufuri, na 10 zilizobaki mtu aliyewahi kulala kwenu anaweza kuzikisia. Tengeneza ufunguo mpya kwa random_bytes(32), amri ya PHP inayotoa baiti za kubahatisha, usiubuni kichwani. Pili, umekaa katika saraka moja na programu, na nakala ya akiba ya kila usiku huubeba pamoja na hifadhidata. Mlango uwe wa msaji wenye nakshi za kila namna, ufunguo ukiwa umetundikwa juu ya mwimo wake mwizi hatahangaika na komeo. Uweke katika faili iliyo nje ya saraka inayofikiwa na tovuti, yenye ruhusa ya kusomwa na mtumiaji anayeendesha programu peke yake, na uhakikishe kwamba nakala ya akiba ya hifadhidata haiuchukui. Kama faili ya mipangilio iliwahi kuingia Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, kuifuta leo hakutoshi, maana historia yake inabaki; uhesabu ufunguo huo kuwa umeshajulikana.

Ufunguo mpya nao ukipotea, data imepotea, na hapo hakuna fundi wa kumwita. Uandike kwa base64, ni herufi 44 tu, uchapishe kwenye karatasi, uitie katika bahasha iliyofungwa na umkabidhi mwenye nyumba aihifadhi mahali anapohifadhi hati zake za ardhi. Wenzangu wengine hucheka wakisikia habari ya karatasi, lakini karatasi haifikiwi kwa intaneti.

Wakati wa kubadilisha ufunguo, hamia pia hali ya GCM, ambayo PHP inaimudu tangu toleo la 7.1. CBC huficha maandishi lakini haishuhudii kwamba hayakuguswa. GCM huambatisha muhuri wa baiti 16, na maandishi fiche yakibadilishwa hata biti moja hukataa kuyafungua. IV yake ni ya baiti 12, na sharti lake ni kwamba isirudiwe kamwe kwa ufunguo uleule, kwani ikirudiwa maandishi mawili yanaweza kulinganishwa na kufichuka na muhuri unaweza kughushiwa. Kwa hiyo ita random_bytes(12) kila unaposimba. Mbele ya kila thamani tia alama fupi, kama "k2:", ili programu ijue ni ufunguo upi wa kutumia. Bila alama hiyo, siku ya kubadilisha ufunguo itakubidi usimamishe mfumo mzima wageni wakiwa wamekaa barazani wanasubiri vyumba.

Manenosiri usiyasimbe. Kinachosimbwa hukusudiwa kufunguliwa baadaye, na nenosiri la mfanyakazi huna haja ya kulisoma tena, unahitaji tu kuthibitisha kwamba aliloandika leo ni lilelile la jana. Tumia amri za PHP password_hash, inayogeuza nenosiri kuwa alama isiyorudishwa nyuma, na password_verify, inayolithibitisha, na safuwima yake uipe herufi 255.

Ipo pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kuna hatari ya madhara kwa wenyewe. Kuhusu kuwaarifu wageni wenyewe, sheria hiyo inatoa nafuu pale ambapo kulikuwa na kinga ya kutosha, na usimbaji fiche umetajwa humo. Ufunguo ulioibwa pamoja na data sidhani utahesabiwa kuwa kinga.

Kwa mpangilio wa kazi, anza na majina, usiuguse ufunguo mpaka yote yafunguke. Andika programu ndogo ipitie kila jina kwenye seva mpya, ijaribu kulifungua kwa ufunguo wa zamani, na ihesabu yaliyorudisha false kwa kutumia alama tatu za usawa, si mbili. Hesabu hiyo ikifika sufuri, na idadi ya majina ikilingana na ya seva ya zamani, ndipo uanze kuyasimba upya kwa "k2:".