Maswali ya Wasomaji: Nimwandikeje Shoga Yangu?

SWALI: Mhariri, shoga yangu amefariki mwezi uliopita huko Pangani, na wanawe wameniomba niandike wasifu wake usomwe baada ya hitma ya arobaini, kwa sababu katika watu waliomjua utotoni nimebaki peke yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Taarifa za shule nimeziandika maisha yangu yote, lakini hii imenishinda. Tulikua mtaa mmoja, tukasoma chuo kimoja cha Kurani na shule moja, hadi mtihani wa darasa la nne, mwaka wa uhuru, ulipotutenga: mimi nikaendelea, yeye akabaki nyumbani. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa mwaka 1952, ilhali mimi ni wa mwaka 1950 na nina hakika kwamba alinitangulia. Tena tulikaa miaka mingi bila kusemeshana kwa ajili ya fedha za upatu ambao yeye alikuwa kijumbe wake, yaani mkusanyaji wa fedha, mpaka tulipopatana katika harusi ya bintiye. Kila nikishika kalamu yananijia mambo madogo tu, kwa mfano kwamba katika mdako alikuwa akidaka kwa mkono wa kushoto, mkono ambao chuoni alichapwa kila alipoutumia. Je, mambo kama hayo huandikwa? Na ugomvi wetu niuseme?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana kwa msiba, mama. Naomba nianze na hilo unaloliita dogo, kwa kuwa kwa maoni yangu ndilo wasifu wenyewe. Maandishi mengi yanayosomwa misibani ni orodha: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto kadhaa, akaugua, akafariki. Ukibadilisha majina, yatamfaa mwanamke yeyote wa mtaa huo. Lakini msichana aliyeandika kwa mkono wa kulia kwa kuogopa fimbo, kisha jioni akachuchumaa penye kishimo cha mdako, akarusha kijiwe juu, akakomba vingine na kukidaka kile cha kwanza kwa mkono wake wa kushoto bila mtu wa kumkemea, huyo ni mmoja tu. Inawezekana hata wanawe hawakupata kuijua habari hiyo.

Jirani yenu wa Tanga, Shaaban Robert, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 na kufariki mwaka 1950, hakuanzia kwenye santuri zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928. Alimfuata nyuma hadi shamba, kwa mwana wa watu maskini aliyefinyanga vyungu na kwenda kuviuza mjini kwa miguu. Kwa watu waliojiona wa juu, vyungu vile vilikuwa jambo la kumcheka. Kwa mwandishi wa maisha yake vilikuwa jambo la kuandikwa, kwani inasimuliwa kwamba alivinadi kwa kuimba, na sauti yake ikasikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Kuhusu mwaka wa kuzaliwa, usigombane na kitambulisho mbele ya waombolezaji. Watu wengi wa rika lenu hawakuandikiwa cheti, na mwaka ulikisiwa baadaye na karani. Andika unalolijua: kwamba alikuzidi umri, na kwamba mlikuwa darasa la nne mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba. Hapo ndipo ningekaa kidogo. Siku hizo shule ya msingi iliishia darasa la nne, na nafasi za kwenda shule ya kati zilikuwa chache, hasa kwa wasichana. Kwa hiyo vijana watakaokusikiliza, ambao kwao darasa la saba ni jambo la kawaida, wanaweza kudhani kwamba marehemu hakuwa na akili ya shule. Wewe uliyekaa naye dawati moja unaweza kuwaambia vinginevyo, na hakuna mwingine aliyebaki wa kuwaambia.

Sasa upatu. Mila zetu na mafundisho ya dini yanatutaka tumtaje marehemu kwa mema, lakini nijuavyo mimi hayatulazimishi kusema uongo. Kwamba mlinuniana ni habari yako pia, na una haki ya kuisimulia: sema mlikaa miaka bila kusalimiana, kisha simulia siku ya harusi ile, nani alimwendea mwenzake na alimwambia nini. Fedha ziache. Habari ya upatu ina pande mbili, na upande mmoja hauwezi tena kujitetea. Isitoshe, ukizitaja, barazani hakitazungumzwa kingine siku hiyo. (Nikiri kwamba swali hili lilinigawa, na siku ya kwanza niliandika jibu jingine.)

Kurasa mbili zinatosha. Ndoa, watoto na ugonjwa waachie wanawe, maana wanavijua kuliko wewe. Na kabla hujamaliza, mpigie simu binti yake umwulize mama yake alipokaa kwenye mbuzi kukuna nazi alishika kifuu kwa mkono gani.