Maswali na majibu: Nauli ya mmoja ni nafuu, ya familia inapanda. Kwa nini?

SWALI: Tunaishi Dar es Salaam, tunataka kwenda Moshi likizo ya Desemba. Tupo mimi, baba watoto, kijana wa miaka 13, binti wa miaka 8, na mdogo wao atakayetimiza miaka 2 tarehe 29 Desemba. Tumepanga kuondoka tarehe 20 na kurudi tarehe 4 Januari. Nikitafuta siti ya mtu mmoja mtandaoni, naona nauli nzuri. Nikiingiza familia nzima, nauli ya kila mmoja inaruka juu kwa makumi ya maelfu. Je, tunapunjwa? Na huyu mdogo nimkatie tiketi gani?

JIBU: Hampunjwi, dada, ila mnauziwa kwa utaratibu ambao hakuna anayewaeleza.

Siti za daraja la kawaida ndani ya ndege ni zilezile, lakini kwenye kompyuta ya shirika zimegawanywa katika mafungu ya bei, kila fungu na herufi yake. Ndege aina ya ATR 72 ina siti zipatazo 70 tu, kwa hiyo fungu la bei ya chini kabisa linaweza kuwa na siti chache sana. Ukiomba siti nne kwa pamoja na fungu la chini limebakiwa na tatu, mfumo hauwapi watatu bei ya chini na mmoja bei ya juu. Unawahamisha wote wanne hadi fungu linaloweza kuwabeba kwa pamoja. Ndiyo maana mtu mmoja anaona bei nyingine.

Namna ya kulijua hilo ni rahisi. Chagua ndege moja, siku moja, kisha tafuta mtu mzima 1, halafu 2, halafu 3, halafu 4, ukiandika nauli ya kila mmoja. Pale bei inaporuka ndipo fungu lilipoishia. Fanya yote kwa mkupuo mmoja, maana ukianza asubuhi na kumalizia jioni utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti.

Tuchukue mfano, na hizi ni namba za kuelezea tu, siyo bei ya shirika lolote. Tuseme zimebaki siti tatu za shilingi 180,000 na zinazofuata ni 240,000, na shirika linamtoza mtoto wa miaka 2 hadi 11 asilimia 75 ya nauli ya mtu mzima. Mkikata pamoja, ninyi wawili na kijana mnalipa 240,000 kila mmoja na binti 180,000. Jumla 900,000. Mkigawa katika booking mbili, yaani kuweka nafasi mara mbili, wewe na kijana mnalipa 180,000 kila mmoja, binti 135,000, na baba peke yake 240,000. Jumla 735,000. Mmeokoa 165,000 kwa safari ya kwenda peke yake, kabla ya tozo na kabla ya mdogo. Kijana wa miaka 13 kwa kawaida anahesabiwa mtu mzima. Punguzo la binti nalo hukatwa kwenye nauli yenyewe. Tozo za uwanja na kodi huwa na hesabu yake, kwa hiyo usishangae jumla yake isipopungua kwa robo nzima. Yapo pia mashirika ya bei nafuu yasiyotoa punguzo la mtoto kabisa.

Kugawa kuna masharti. Mtoto asiachwe kwenye booking isiyo na mtu mzima, mfumo wenyewe utakataa. Mdogo anayepakatwa lazima awe kwenye booking ya yule atakayempakata, na mtu mzima mmoja hupakata mmoja tu. Halafu kuna hatari halisi: ndege ikibadilishwa saa au ikifutwa, watu wa shirika huhamisha booking moja baada ya nyingine. Mama na watoto wanaweza kupelekwa ndege ya asubuhi na baba akaangukia ya jioni. Mkishalipa, pigeni simu shirika mtaje namba zote mbili za booking, muombe kila moja iandikwe kwamba inasafiri na mwenzake. Hailindi kwa asilimia mia, lakini anayewahamisha ataiona.

Sasa mdogo, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi huumia kaunta. Mtoto mchanga ni yule ambaye hajatimiza miaka 2 siku ya kuruka, siyo siku ya kukata tiketi. Tarehe 20 Desemba bado anapakatwa, na kwa kawaida hulipiwa kama asilimia 10 ya nauli. Tarehe 4 Januari atakuwa na miaka 2 na siku 6, kwa hiyo anatakiwa awe na siti yake na tiketi ya mtoto. Ukimkatia kwenda na kurudi kama mchanga, cheti cha kuzaliwa kitakuumbua siku ya kurudi. Hapo utauziwa siti kwa fungu lililobaki siku hiyo, ambalo mara nyingi ni la juu, na ndege ikiwa imejaa hakuna siti ya kuuza.

Dawa yake ni kukata safari mbili za upande mmoja: ya kwenda ukimwingiza kama mchanga, ya kurudi kama mtoto. Kwa safari za ndani ya nchi, kwenda na kurudi mara nyingi ni nauli mbili zilizojumlishwa tu, kwa hiyo hamtapoteza kitu. Linganisha kabla ya kulipa.

Au rudini tarehe 28 Desemba. Mdogo bado anapakatwa, mnahitaji siti nne badala ya tano, na mnaondoka kabla ya wimbi la watu wanaorudi mjini baada ya mwaka mpya. Krismasi mtakuwa mmeila huko huko. Kama mimi ndiye ninayelipa, hii ndiyo tarehe ningeitetea mbele ya bibi na babu.

Maana bei ya Desemba kwenye njia hii inategemea sana upande unaoelekea. Dar inahamia Kilimanjaro siku chache kabla ya Krismasi na inarudi siku za kwanza za Januari. Ndege inayopaa Dar tarehe 22 imejaa. Ileile ikirudi kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, haina msongamano huo. Tarehe 20 mliyoichagua iko mdomoni mwa wimbi. Shule hufungwa mapema Desemba, kwa hiyo wewe na watoto mnaweza kutangulia kati ya tarehe 10 na 14, na baba mwenye siku chache za likizo akafuata peke yake. Kupata siti moja ya bei ya kuvumilika tarehe 21 ni rahisi kuliko nne.

Baba akiamua kupanda basi kwenda na ndege kurudi, asikatiwe tiketi ya kwenda na kurudi kwa wazo kwamba ataacha tu kipande cha kwanza. Usipotokea safari ya kwenda, mfumo hufuta na ya kurudi. Akate ya kurudi peke yake.

Kuhusu kufuta kumbukumbu za mtandao kwenye simu ili bei ishuke, au kusubiri Jumanne usiku, msipoteze muda. Bei huweza kushuka pale booking zisizolipiwa zinapoisha muda na siti kurudi kwenye fungu lake, kwa hiyo kuangalia tena kesho kuna maana kidogo. Lakini kwa Desemba, kusubiri hadi Novemba iishe ni kamari.

Uwanja wa Arusha usiwavutie kwa tofauti ndogo ya nauli. KIA hadi Moshi ni kama kilomita 40, wakati kutoka Arusha mjini ni kama 80, na gari la kuwabeba watano na mabegi linakula akiba yote. Ndege ndogo za siti 12 au 13 zinazotua Arusha nazo huwa na kikomo cha mzigo cha kama kilo 15 kwa mtu.

Kwenye kulipa, tofautisha vitu viwili. Namba ya booking ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu, jumla yake sita, na inamaanisha mmewekewa nafasi hadi saa fulani. Tiketi ina namba ya tarakimu 13, moja kwa kila msafiri, mdogo akiwemo. Bila hiyo hujanunua kitu. Mkilipa kwa simu, angalia kwanza kikomo cha muamala cha laini yako, kwani tiketi za familia zinaweza kukipita. Pesa ikikatwa na tiketi isije, usilipe mara ya pili. Tunza ujumbe wa muamala na upige simu kabla ya muda wa booking kuisha. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, kisha vyeti vyenyewe mvibebe. Kusahihisha jina baada ya tiketi kutoka kunaweza kulipiwa.

Mwisho, mzigo. Tiketi ikiandikwa 23K, ni kilo 23 kwa kila mwenye siti, na walio booking moja kwa kawaida huruhusiwa kuchanganya: begi la kilo 28 na la kilo 18 yanapita. Ikiandikwa 1PC, ni begi moja kwa mtu, na lile la kilo 28 linalipiwa hata mwenzako akija mikono mitupu. Baba akiwa booking yake, kilo zake msizihesabie bila kuuliza kaunta. Kumbuka hilo hasa siku ya kurudi, bibi akishawafungia ndizi. Mkungu mzima hupimwa kama begi. Afadhali zikatwe vichana, zipangwe kwenye boksi gumu lililofungwa kwa utepe wa gundi pande zote, na lipimwe nyumbani kabla ya kupakiwa kwenye gari.